Bosi Anataka Chati

Jirani, hivi nani alimpeleka bosi wetu semina? Nitajie jina tu, mengine nitamalizana naye. Kaenda mtu mzima wa daftari na kikokotoo, karudi anataka dashibodi. Eti akifungua simu aione kampuni yote. Mauzo, stoo, madeni, vyote kwa chati, vyote kwa rangi. Halafu akanigeukia mimi. Mimi karani wa mafuta ya kula na sabuni! Kisa nini? Meza yangu ndiyo iko karibu na kompyuta.

Nikawekewa programu. Rahisi sana, wanasema, unaburuta na kuachia. Nikaburuta mauzo ya mwaka mzima, mamilioni ya shilingi. Nguzo ikasimama, juu yake imeandikwa 912. Bosi alikuwa anapita nyuma yangu. Akasoma, akashika ukuta. Kijana wa aiti akaitwa mbio.

"Shikamoo anko. Hela umeziandika 45,000/=. Ukitia hiyo /=, programu inaona maneno. Maneno hayajumlishwi, yanahesabiwa. Hizo 912 ni idadi ya risiti."

Sasa mimi tangu shule naambiwa funga hela na /=, mwizi asije akaongeza sifuri. Leo naambiwa naandika insha!

Nikafuta zote, moja moja. Tukaja kwenye miezi. Nataka mstari unaoonyesha mauzo mwezi hadi mwezi, basi. Mwaka ukaanza Agosti. Ikafuata Aprili. Desemba ya tatu! Yaani Krismasi pilau tumeshakula na Januari haijafika, ada hakuna aliyeuliza. Mimi huo mwaka niliupenda, sikufichi. Bosi akaukataa. Kumbe programu inapanga miezi kwa alfabeti, Septemba ndiyo inafunga mwaka. Mpaka uipe safu nyingine ya namba, Januari 1, Februari 2, uiambie ipange kwa hiyo. Januari na umri wake wote, inatambulishwa kama mgeni kanisani.

Duara la mauzo ya matawi nalo likanitia aibu. Kariakoo imetokea vipande vitatu, rangi tatu. Kuna Kariakoo, kuna K/koo, kuna Karikoo ya yule dogo anayeandikia risiti juu ya bodaboda. Bosi akauliza, hili tawi la Karikoo meneja wake nani, mbona kikaoni simwoni? Nikasema nitafuatilia.

Kijana akanituliza kwa historia. Haya mambo yana miaka, anko. Mskoti mmoja, William Playfair, alichapisha chati ya nguzo mwaka 1786, na duara mwaka 1801. Tena za kuchora kwa mkono. Nilimwonea wivu, jamani. Unachora, wino unakauka, unakwenda kulala. Hakuna wa kukupigia saa tano usiku, "Mbona bado inaonyesha data ya jana?"

Lakini kilichonimaliza ni geji. Ile nusu duara inayojaa rangi. Nikaitupia mauzo, ikajaa mpaka katikati. Mwezi wa njaa, katikati. Mwezi wa neema, katikati. Kijana akacheka mpaka akakaa. "Anko, hujaipa kiwango cha juu. Usipoipa, inachukua mauzo yako inazidisha mara mbili, hapo ndipo inapoweka mwisho. Itakaa nusu mpaka kiama. Kaombe lengo la mwezi kwa bosi."

Nikaenda. Bosi akanitazama kwa huruma.

"Lengo ni kuuza, bwana! We ulidhani tumekuja kucheza?"

Nikarudi na jibu langu. Kisanduku cha kuliandika hakipo, kilichopo kinataka namba.

Siku ya kikao ikafika. Projekta inawaka, mapazia yamefungwa, wauzaji wote wapo. Nguzo bosi hakuziangalia. Mstari hakuuangalia, nami miezi nilishaipanga kwa jasho. Macho yote kwenye geji. "Mnaona? Tuko nusu! Siku hii kitu ikivuka nusu, kila mtu bonasi." Makofi. Mimi nikapiga kushinda wote, ningefanyaje? Nina watoto.

Tangu hapo watu wanauza usiku na mchana. Mauzo yamepanda, wallahi. Geji iko nusu. Sasa wameanza kunong'ona kwamba naibania makusudi, kwamba sitaki wenzangu wapate. Dereva wa Canter, aliyekuwa ananidondosha mpaka karibu na nyumbani, siku hizi ananikuta kituoni na mvua yangu, ananipita. Hata honi hapigi.