Panya Hawaulizwi Kodi

Shuka TAZARA pale Makambako na paka wako kwenye kapu, ukatafute chumba Lyamkena. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita mkononi, kisha atachungulia kapu: "Hapa hatupangishi wanyama, mwanangu."

Panya je? Hao wanakaa darini bila mkataba, usiku wanashuka kutoboa gunia la mahindi ulilopewa na mama kijijini. Kuku wa mwenye nyumba wananya kizingitini kwako. Hao ni mifugo, siyo wanyama. Na mbwa wake, ambaye kadi yake ya chanjo ya kichaa hakuna aliyewahi kuiona, analala mlangoni kwako kwa ajili ya ulinzi.

Juzi kagonga chumba hadi chumba: "Wanangu, tuchangie sumu ya panya."