Kodi ya Ujirani

Dar es Salaam hakuna tena nyumba iliyo mbali na Mlimani City. Waulize madalali. Chumba cha Makongo Juu kipo karibu na Mlimani City. Nyumba ya Goba, ambako ukishuka kwenye bodaboda unapangusa vumbi mpaka kwenye kope, nayo ipo karibu na Mlimani City, "dakika kumi tu braza, kama hakuna foleni." Juzi nimeona tangazo limebandikwa kwenye nguzo ya umeme, linauza kiwanja cha Kibamba, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu anajua ni jirani na Kibaha. Chini yake wameandika: "Mlimani City unafika fasta." Unafika kwa usafiri gani, hawakusema.

Ningenyamaza, maana uongo wa dalali ndiyo riziki yake, na riziki ya mtu haiingiliwi. Tabu ni kwamba mimi kweli naishi karibu na Mlimani City. Niko ng'ambo ya barabara, Sinza, kwa miguu unafika kabla jasho halijakolea. Wenzangu wanaumizwa na uongo, mimi naumizwa na ukweli. Na watu waelewe jambo moja: sikulifuata jumba lile la maduka. Nilikuwa nimekaa zangu kimya, likanikuta.

Kilima chenyewe kilicholipa jumba jina kina wenyewe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo kilianza mwaka 1961 kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikahamia huku kilimani mwaka 1964, enzi ambazo kutoka mjini kuja huku, kilomita zipatazo kumi na tatu, ilikuwa safari ya kuaga. Halafu kukawa na baa ya Mlimani Park, na mwaka 1978 ikazaliwa bendi iliyobeba jina la baa hiyo, wana Sikinde. Kwa hiyo kwa watu wa rika langu, ukitaja Mlimani unazungumzia mambo mawili tu, shahada na dansi, na kuna waliokwenda kutafuta la kwanza wakarudi na la pili. Leo mpwa wangu ukimtajia Mlimani anaulizia baga.

Sinza nayo haikuota yenyewe. Miaka ya 1970 serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara, ikavuta maji, kisha ikawaambia wananchi: haya, jengeni. Vilikusudiwa viwe viwanja vya watu wa kipato cha chini. Taratibu vingi vikaangukia kwa watu wa kipato cha juu kidogo, nao wakajenga nyumba kubwa yenye vyumba vya uani, na huko uani ndiko wakatupanga sisi ambao viwanja vilikusudiwa kwa ajili yetu. Kwa namna fulani mpango ulitimia.

Majina tulijiwekea wenyewe, hakuna aliyengoja kibao cha manispaa. Pana Kijiweni, pana Makaburini, pana Mori, pana Palestina, pana Kumekucha, pana Afrika Sana. Pana Kwa Remmy, alipoishi Remmy Ongala, mwanamuziki aliyetokea Kongo mwishoni mwa miaka ya 1970. Alifariki mwaka 2010, lakini mpaka leo abiria wanashuka kwake asubuhi na jioni. Konda akipaza sauti "Makaburini wapo?" watu walikuwa wakijibu "Wapo!" bila kuona ajabu, wakashuka wakiwa hai na mifuko yao ya mchele.

Ndipo kampuni ya Turnstar ya Botswana ilipokodi ardhi ya Chuo pale bondeni, chini ya kilima, na mwaka 2006 jumba likafungua milango. Shoprite wakaingia, Game wakaingia, wote wa Afrika Kusini. Kabla ya hapo ununuzi wetu ulikuwa Mwenge: mitumba, sufuria, na kama umepata mgeni wa Kizungu unampeleka kwenye vinyago vya Wamakonde ili naye akapigwe bei. Sasa tukapata mahali pa kusukuma toroli. Siku zile za mwanzo watu walikuja kwa ajili ya baridi tu. Familia nzima imevaa nguo za Idi, inatembea korido mwanzo mpaka mwisho, inapiga picha na toroli tupu, inatoka na askirimu moja na vijiko vinne. Hakuna aliyemcheka mwenzake, kwa sababu anayecheka naye yumo humo na kijiko chake.

Eneo likachangamka. Barabara ya Sam Nujoma, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Namibia, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa na ofisi za SWAPO hapa hapa Dar, ikapanuliwa. Mamlaka ya Mawasiliano ikajenga minara yake kando ya barabara. Daladala zikapata stendi ya Simu 2000, ambayo makonda wanaiita Mawasiliano, ili mgeni apotee vizuri. Mabenki yakaja. Nyumba za chini zikavunjwa, zikaota ghorofa nne, tano, zenye vioo vya bluu.

Ya kwetu haikuvunjwa. Ni ile ile, bati lile lile, choo kile kile cha uani, Luku ile ile ya pamoja ambayo mpangaji mwenye friji anaapa kwamba friji lake halili umeme. Kilichopanda ghorofa ni kodi.

Mama mwenye nyumba wangu ni mtu mzima, mcha Mungu, na ana masikio makali kuliko redio. Habari yoyote ya jumba lile anaipata kabla ya gazeti. Naamka asubuhi namwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Umesikia wamefungua sinema?" Nikishasikia swali la namna hiyo, najua mwisho wa mwezi nitaongezewa. Sinema sijawahi kuingia, lakini nimeichangia. Ukafunguliwa ukumbi wa mikutano, wakubwa wakawa wanakuja na misafara, sisi tunazuiwa kuvuka barabara kwenda kununua vitunguu. "Mwanangu, umeona mtaa wetu unavyotembelewa na viongozi?" Nimeona mama. Na mwisho wa mwezi nikaona zaidi.

Mwaka 2014 Shoprite wakaondoka nchini, duka wakawaachia Nakumatt wa Kenya. Nikasema moyoni, sasa nitapumua. Mama akasema, "Wakenya wamekuja, mwanangu, na hao ndio wafanyabiashara." Akapandisha. Haikupita miaka mingi, Nakumatt wakazidiwa na madeni, rafu zikawa wazi, nao wakaondoka. Nikavaa shati la mikono mirefu nikaenda kuzungumza. "Mama, Nakumatt wamefunga." Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyefiwa. "Watakuja wengine, mwanangu." Mwaka 2022 Game nao wakafunga maduka yao Tanzania. Safari hii kabla sijafungua mdomo, alishaniwahi: "Wakiondoka wakubwa, wadogo wanapata nafasi. Panazidi kuchangamka."

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa elimu ya kodi za nyumba Dar es Salaam, ambayo pale kilimani hawaifundishi. Duka likifunguliwa, kodi inapanda kwa sababu limefunguliwa. Likifungwa, kodi inabaki pale pale ikisubiri litakalofuata. Inajua njia ya kupanda tu.

Wakati huo huo duka la Mangi pale kona halijawahi kufungwa. Pakitokea msiba anatoa sukari kwanza, hela baadaye. Umeme ukikatika ana mishumaa, mtoto akiugua usiku unagonga dirisha anakupa dawa ya maumivu huku amefumba macho. Madeni yetu ameyaandika kwenye daftari, na daftari hilo limehimili mengi kuliko supamaketi zote zilizopita hapa. Mama wa genge naye anatufungia nyanya za mia tano miaka nenda rudi. Lakini lini umeona dalali ameandika "Nyumba nzuri, karibu na kwa Mangi"? Anaandika Mlimani City. Tena haandiki kwamba nyumba hiyo ipo karibu zaidi na Mto Ng'ombe, ambao mvua za masika zikikolea huwa unakuja wenyewe kuwasalimia wapangaji.

Na jina lenyewe limetula. Siku hizi ukimwelekeza mgeni "shuka Makaburini" anauliza kama hakuna kituo kingine. Basi unasema "shuka Mlimani City." Anashuka, anapiga simu: "Nipo getini." Geti lipi? "Hili lenye magari." Unavaa ndala, unavuka barabara, unazunguka mageti yote, unamkuta ndani kwenye baridi anakula, na bili imeshaletwa mezani. Nina hakika hata siku nitakapokufa, waombolezaji wataambiwa washuke Mlimani City halafu waulize, na nusu yao watabaki huko huko.

Bodaboda nao wamejifunza. Ukitokea getini na mfuko mkononi, bei ni ya mtu mwenye mfuko. Sisi wenyeji tunavuka kwanza ng'ambo, tunaficha mfuko kwapani, tunapangusa ile harufu ya manukato ya bure tuliyojipulizia humo ndani, ndipo tunauliza, "Mdogo wangu, Kijiweni shilingi ngapi?" Ananiangalia, anavuta pumzi kwa pua. "Umetoka Mlimani City wewe mzee."

Kwa hiyo mwezi uliopita nilikaa na kalamu nikaandaa pendekezo. Nilimwambia mama mwenye nyumba kwa adabu zote: kama kodi inapanda kwa sababu ya maduka, basi na ishuke maduka yakifungwa. Shoprite wameondoka, tupunguze kidogo. Nakumatt wameondoka, tupunguze kidogo. Game wameondoka, tupunguze tena. Nikamwonyesha hesabu kwenye karatasi, iko safi, ina jumla imepigiwa mistari miwili. Kwa hesabu ile, pamoja na miezi sita ninayolipa mbele, yeye ndiye aliyekuwa na deni langu.

Mama aliisoma karatasi yote. Akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa, akasoma tena. Nikaanza kupata matumaini.

"Hesabu yako nzuri mwanangu," akasema. "Ila mwendokasi sijaiona."

"Mwendokasi gani mama?"

"Hii awamu ya nne. Si inajengwa Sam Nujoma hapo, Ubungo mpaka Mwenge? Umeiweka wapi?"

Nikamwambia haijaisha. Kwamba kwa sasa mwendokasi hiyo ni vumbi asubuhi, tope jioni, na foleni katikati. Kwamba mtu hawezi kulipishwa basi ambalo halijafika.

"Itafika," akasema, akinirudishia karatasi yangu. "Na ikifika, nyumba hii itakuwa karibu na kituo. Wewe anza kuongeza kidogo kidogo sasa, isije ikakushtua."

Nimeshaanza. Kwa hiyo, kwa faida ya mtu yeyote anayenionea wivu kwa kukaa mahali pazuri, kodi yangu ya mwezi huu inajumuisha sinema ambayo sijaingia, ukumbi ambao sijaalikwa, supamaketi tatu zilizokwishaondoka na basi ambalo halijaanza kutembea. Maji nanunua kwa dumu.