Pilau Iliyomwagika Kabuku

Kamba aliinunua mtunza hazina wetu. Ilikuwa ile ya plastiki, ya bluu, inayoteleza mkononi. Tulipomuuliza kwa nini hakuchukua ya katani, akajibu kwa jeuri ya mtu aliyepata A ya uchumi: hii bei yake nafuu, na isitoshe, amezunguka maduka matatu, ya katani hakuiona. Na hapo tuko Tanga, jamani. Mkonge ndio uliojenga nusu ya mji huu.

Tulikuwa tunakwenda Dar es Salaam kusikiliza mhadhara wa wazi kuhusu mabadiliko ya uchumi wa dunia. Tusidanganyane: wengine walifuata posho, wengine walitaka kupanda mwendokasi. Aliyefuata uchumi hasa ni mwakilishi wetu wa darasa, aliyechaguliwa kuuliza swali kwa niaba ya chuo. Swali lilihusu sarafu za kidijitali. Alilifanyia mazoezi mpaka wenzake wa bwenini wakalikariri. Na suti alinunua, ya mtumba lakini ya maana, akaikunja vizuri begini, begi likapandishwa juu ya Coaster pamoja na sufuria la pilau na ndoo ya juisi ya ukwaju.

Dereva aliivuta ile kamba, akaguna. "Wanangu, hii ni ya kuanikia nguo."

"Mzee, ondoa shaka," akasema mtunza hazina.

Tulipita Muheza salama, Segera salama. Kabuku kuna tuta. Nilisikia kishindo juu ya kichwa, halafu nikaona dirishani sufuria letu likibingirika kuelekea shambani. Kulia mkonge, kushoto mkonge, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka, na katikati ya utajiri wote huo wa kamba, sisi tumekatikiwa na kamba. Begi lilikuwa limepasuka. Suti imelala kifudifudi, pilau juu yake, ukwaju juu ya pilau.

Mama mmoja muuza machungwa alitutazama kwa huruma. "Poleni, wanangu." Akanyamaza kidogo. "Sasa hizo nyama mnaziacha?"

Akatokea mzee na kipande cha kamba ya katani, kikuukuu, kimekuwa cheusi kwa jasho la mikono. Akafunga mzigo fundo moja tu. Mpaka Dar haukutikisika.

Ukumbini tulichelewa, tukakaa nyuma kabisa, tukinuka mdalasini. Profesa, kwa bahati au kwa kusudi la Mungu, alikuwa anazungumzia mkonge. Mwaka 1893, alisema, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika pwani yetu hai ni 62. Jirani yangu akaninong'oneza, "Sisi tumefika wote, ila walio hai hawazidi kumi." Kweli, safu nzima ilikuwa inakoroma.

Nami nilikuwa karibu kuwafuata, ila hadithi ilinoga. Kutokana na hiyo miche 62, mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Papo hapo kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, mashamba yakaanza kumezwa na pori. Halafu kichekesho chenyewe: plastiki hutokana na mafuta, na mafuta yalipopanda kutoka karibu dola 3 kwa pipa mwaka 1973 hadi karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974, dunia ikaukumbuka mkonge, bei ikaruka. Sisi wakati huo uzalishaji ulikuwa umeshuka vibaya. Nilimtazama mtunza hazina. Alikuwa anasoma dari.

Wakati wa maswali, mwakilishi wetu alisimama na kandambili zake, fulana ya mpira, na koti la suti lenye doa mgongoni kama ramani ya Madagaska. Ukumbi ukatulia.

"Shikamoo, Profesa. Naomba kuuliza, kamba ya katani siku hizi inauzwa wapi? Maana Tanga tumeikosa."

Watu walicheka mpaka waliokuwa usingizini wakaamka. Profesa hakucheka. Alijibu kirefu, akapitia Brazil, ambayo ndiyo inayoongoza duniani kwa mkonge leo, akaingia kwenye viwanda vya kusokota kamba, akarudi kwenye mafuta. Huko nje tulikuwa tunasikia sahani zikigongana.

Tulipotoka, sambusa zilikuwa zimekwisha, zimebaki pilipili na vijiti vya meno. Dereva wetu, ambaye ukumbini hakutia mguu, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya Coaster na sambusa nne ndani ya gazeti.

"Mmemaliza, wanangu? Sisi madereva walituhudumia mapema."