Tembo wa Dodoma

Barafu tunaijua sisi watoto wa Dodoma. Ni ile ya ubuyu, inatoka kwenye friji ya jirani. Unang'ata kona ya kifuko na kufyonza mpaka inabaki nyeupe. Kwa elimu hiyohiyo nilijiandikisha kupanda Kilimanjaro wiki ya Uhuru, Desemba.

Mazoezi nilifanyia Mlimwa, kwenye Jiwe la Simba, jioni jioni, nikishuka napitia mishikaki. Dodoma yenyewe iko mita 1,100 na ushee. Kambi ya Kibo, pale mnapolala kabla ya kilele, ni 4,720. Mabuti nilinunua mtumba. Muuzaji aliapa yametoka Norwe, na pengine ni kweli. Yalikuwa yamestaafu huko.

Tulianza safari saa sita usiku, maana changarawe ya pale ikiganda inashika mguu. Jua likishaipata, unapanda hatua moja unarudi nusu. Ila theluji ilikuwa imeanguka juzi yake, mchana ikalainika, usiku ikaganda upya kama kioo. Mguu wa kulia ulikwenda nilikoutuma. Wa kushoto ulitaka kurudi Dodoma.

"Dodoma, pole pole!" Mwongozaji, kijana wa Marangu, jina langu alishalisahau tangu kambi ya Horombo.

Kiu ikanishika. Nikainua chupa: kizibo kimeganda, shingo imeganda. Wenzangu walikuwa wamebeba chupa zao kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu. Nami njia nzima nilikuwa nawacheka kimoyomoyo.

Karibu na Gilman's Point soli ya Norwe ikaachia, ikaanza kupiga makofi kila hatua. Mwongozaji akaifunga kwa kamba, hakusema neno, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko baridi. Nilifika Gilman's nikishangiliwa na kiatu changu mwenyewe. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, alikosimika mwenge Alexander Nyirenda mwaka 1961, nilikiangalia kwa mbali. Mjerumani Hans Meyer naye barafu ilimrudisha mwaka 1887, akafika 1889. Kwa hiyo bado nina miaka miwili.

Kushuka nilishukia makalio. Barafu ilipokwisha, changarawe ikanipokea hadi magotini. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba mji wetu ulipata jina kwa tembo aliyezama kwenye tope akienda kunywa maji: *idodomya*, amezama. Nilimwelewa sana yule tembo. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na wapagazi wawili, mmoja kila kwapa, wanacheka mpaka wanaishiwa nguvu za kuvuta.

Chupa yangu sikuifungua mpaka nyumbani. Nikaitia kwenye friji, kesho yake nikamwita mwanangu: njoo uonje barafu iliyotoka Kilimanjaro. Akalamba, akafikiri.

"Baba, mbona hawajatia ubuyu?"