Namna ya Kumtajirisha Fundi Wako wa Pikipiki

Kila dereva wa boda wa Hima, mji wa saruji huko Kasese, Uganda, ana fundi wake, na kila fundi ana watoto wanaodaiwa karo. Mwongozo huu umeandikwa kwa faida ya watoto hao. Unachohitaji ni pikipiki ya gia nne au tano, abiria wa kutosha na kiburi kidogo.

1. Panda gia kabla injini haijaamka. Ukiondoka steji ya Hima, tia ya pili, ya tatu na ya nne kabla vumbi la saruji halijatua. Wenzako wanakutazama. Injini itatetemeka na kugonga, isikusumbue. Pistoni inasukumwa kwa nguvu huku krenki ikizunguka polepole mno, na beringi ndizo zinazobeba adhabu. Fundi anazo mpya dukani.

2. Mlima usikushushe cheo. Barabara ya Kasese kwenda Kilembe inapanda, nawe umepakia watu wawili na mkungu wa matoke. Waoga hurudi gia ya tatu, hata ya pili, mlima ukiwa bado uko mbele na injini ikiwa bado na mwendo. Wewe ng'ang'ania ya nne, uvute eksileta hadi mwisho. Usijali kwamba Kasese yenyewe iko karibu mita 1,000 juu ya bahari, na kwamba injini hizi hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hewa nyembamba ni shida ya wapanda Rwenzori.

3. Ukishuka, weka frii na uzime injini. Utaokoa petroli ya kujaza kijiko. Gia ingeishika pikipiki kwenye mteremko bila malipo, lakini breki nazo zinataka kazi. Zipe kazi yote, hasa ukiwa na mifuko miwili ya saruji, kila mmoja kilo 50. Zikipata moto zitagoma kushika, na hapo fundi atagawana mapato na daktari.

4. Kwenye tambarare, iache ilie. Kutoka Kasese kuelekea Kikorongo, karibu na mstari wa ikweta, barabara imenyooka. Bakia gia ya tatu ukivuta resi mpaka tembo wa Hifadhi ya Queen Elizabeth wageuze masikio. Kwenye injini ndogo za boda, mvuto mkubwa huja kwenye mizunguko 5,000 hivi kwa dakika, na nguvu kamili 7,500 hivi. Ukipita hapo, kelele huongezeka, nguvu hupungua na valvu huchakaa. Boda nyingi zina mshale wa kasi tu, hazina wa mizunguko, kwa hiyo hakuna ushahidi dhidi yako.

5. Ukifika Bwera, mpakani, tumia nusu klachi. Siku ya soko la Mpondwe, katikati ya malori na jerikeni za mawese kutoka Kasindi ng'ambo ya mpaka, usiguse gia ya kwanza. Tembea na ya tatu, klachi ukiishikilia nusu, hadi pleti zinuke. Harufu hiyo fundi huisikia kutoka mbali.

Wapo wabishi wasiotaka kumtajirisha mtu. Hao hupanda gia pale sauti ya injini inapoinuka na kuanza kukaza, kabla haijapiga kelele. Hushuka gia sauti inapoanza kuzama, kabla injini haijagonga. Hukamata klachi yote wanapobadilisha, kisha huiachia yote. Wakiwa na mzigo, husubiri kidogo zaidi kabla ya kupanda. Kwao gia huchaguliwa na mlima na mzigo, na macho ya watu wa steji hayana kura. Injini zao hudumu, na mafundi wao huwasalimia kwa huzuni.

Kama pikipiki yako bado ni ya mkopo, soma upya vipengele vyote vitano na ufanye kinyume chake.