Kambale Anapofungua Akaunti Kasese

Mama mwenye duka la vitenge Butembo, mashariki mwa Kongo, ambaye watoto wake wawili wanasoma Uganda, anahitaji akaunti ya Uganda, katika mji wa Kasese. Karo ya huko hulipwa benki: shule inakupa nambari ya akaunti, unapeleka pesa kaunta, unarudi na risiti. Mzigo anaouagiza Kampala nao una mwenyewe anayesubiri malipo. Kubeba dola kibindoni kutoka Butembo hadi Beni, kisha kushuka nazo hadi mpakani Kasindi kwa barabara ambayo waasi wa ADF wamechoma magari na kuua abiria, ni kubeba roho mkononi. Kwa hiyo akaunti ifunguliwe, na mwongozo ni huu.

Anza kwa kuthibitisha kwamba upo. Kongo imeishi miongo mingi bila kitambulisho cha taifa mifukoni mwa raia, na kazi hiyo imefanywa na kadi ya mpiga kura. Zile zilizotolewa kwa ajili ya uchaguzi wa 2023 zilikuwa na ugonjwa wake: picha ilififia, herufi zikafutika, na wapo waliobaki na kipande cha plastiki kisichosema lolote. Basi siku unayoipokea, itoe nakala kabla hujafika nyumbani. Halafu iweke kando, maana ukivuka mto Lhubiriha ulio mpakani haikusaidii kaunta. Benki ya upande wa pili itataka paspoti, na paspoti ya Kongo, ambayo hadi 2020 iliuzwa dola 185, ilishushwa hadi 99. Mkenya na Mnyarwanda wanaingia Uganda kwa kitambulisho chao tangu 2014. Wewe utalipia kijitabu kizima ili ufungue akaunti katika mji ambao binamu zako wanaishi.

Sasa jina. Hapa usiwe na haraka. Wanande, watu wa Butembo na Beni, humpa mtoto jina kwa mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Wakonzo wa Kasese ni ndugu zao wa damu, na kwao hao watatu ni Bwambale, Masereka na Kule. Unaweza kumkuta kashia anayeitwa Bwambale, mkasalimiana kwa lugha moja, akakuuliza habari za Butembo, kisha akainamia fomu na kukuuliza jina la ukoo. Huna. Baba yako ni Paluku, wewe ni Kambale, mdogo wako ni Kasereka, na nyote ni wa nyumba moja. Fomu haina nafasi ya maelezo hayo. Dawa ni hii: andika majina yote matatu kwa mpangilio uleule wa paspoti, herufi kwa herufi, na usibadilishe hata siku moja, kwenye laini ya simu, kwenye risiti ya shule, popote. Ukiwa baba unayemlipia mwanao, njoo na cheti chake cha kuzaliwa, kwa sababu majina yenu hayafanani na utaulizwa.

Kisha anwani. Fomu inataka sanduku la posta na ankara ya maji au umeme. Unatoka komine ya Kimemi au Bulengera mjini Butembo, maji unachota, na umeme, kama unao, unalipia kwanza ndipo unawaka. Umeme wa namna hiyo hauna ankara ya mwisho wa mwezi. Hata Mganda mwenyewe siku hizi ananunua umeme wa Yaka, wa kulipia kabla, kwa simu, lakini ankara inaendelea kudaiwa. Hivyo kuwa na barua mbili. Ya kwanza itoke kwa shefu wa mtaa wako, yenye muhuri. Imeandikwa Kifaransa, kwa hiyo itafsiriwe kwa Kiingereza na mtu anayetambulika kwa kazi hiyo. Ya pili itoke kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, wa mtaa utakaofikia Kasese. Mwendee asubuhi, pamoja na mwenyeji wako, na picha mbili za paspoti. Mzee huyo hakujui, na ana haki ya kukuhoji.

Swali la chanzo cha fedha lisikukasirishe. Oktoba 2022 Kongo iliingizwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha dunia kinachopambana na utakatishaji wa fedha. Uganda yenyewe ilitoka humo Februari 2024 na haitaki kurudi. Beba cheti cha rejista ya biashara, patenti, na hati za forodha za mizigo yako ya nyuma. Muuza kakao wa Beni abebe za mauzo.

Noti za dola utakazofungulia akaunti nazo zina adabu zake. Usizifunge kwenye ncha ya kitenge. Kashia atainua kila mia kwenye mwanga, atapitisha kidole gumba ukingoni, na mpasuko mdogo kama wa sindano utairudisha noti kwako. Zilaze kwenye daftari gumu, na uchague zile mpya zenye utepe wa buluu.

Akikuuliza mtu kwa nini usitosheke na benki ya nyumbani, mkumbushe 2016, benki ya Kongo ya BIAC ilipokosa fedha taslimu na wateja wakawekewa kikomo cha kutoa pesa yao. Mkumbushe na Januari 2025: waasi wa M23 waliingia Goma, makao makuu ya mkoa wa Kivu Kaskazini, benki zikafunga milango, watu wakabaki na salio wasiloweza kuligusa, na serikali ya mkoa ikahamia Beni.

Ninalolisema kwa uchungu ni kwamba benki zenyewe zilivuka mpaka bila shida. Equity ya Kenya ilinunua hisa nyingi za benki ya Kongo ya BCDC 2020. KCB, nayo ya Kenya, ilichukua asilimia 85 ya TMB, benki nyingine ya Kongo, Desemba 2022, miezi michache baada ya Kongo kuingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makundi yote mawili yana matawi Uganda. Lakini mteja wa miaka mingi Butembo akifika tawi la benki ndugu ng'ambo anaanza upya, kama mtu aliyeshuka leo kutoka mbinguni.

Tunawaomba magavana wa Benki Kuu ya Kongo na Benki ya Uganda jambo dogo: barua ya benki ya Butembo au Beni, inayotaja jina la mteja na umri wa akaunti yake, ikubaliwe Kasese badala ya ankara ya maji. Na wewe mfanyabiashara, hiyo barua iombe leo, kabla ya safari.