Sifa za Rangi Inayobambuka

Nasimama mbele ya ukuta wa sebule ninayoilipia kodi, hapa Dar es Salaam, kuisifu rangi inayobambuka. Imetukanwa vya kutosha, imekwanguliwa, imefichwa nyuma ya kalenda, na hakuna aliyewahi kuipa hata ahsante.

Sifa ndogo nizipitie harakaharaka. Ni karimu: inajidondosha kwenye chai, kwenye wali na kwenye nywele za mgeni bila kuombwa. Inafundisha watoto jiografia, maana pale juu ya swichi pana bara la Afrika kamili, limekosa Madagaska tu. Ufagio haujawahi kukosa kazi.

Sifa kuu ni ukweli. Nyumba hii imejaa waongo: bomba linaahidi maji, kitasa kinajifanya kimefunga, nyavu za dirisha zinadai kuzuia mbu. Rangi peke yake haimfichii mtu. Aliyejenga alitumia mchanga wenye chumvi, akairuka ile karatasi ya nailoni inayolazwa juu ya msingi kuzuia unyevu, akaamini siri imezikwa ndani ya lipu. Masika yakaja. Maji yakaanza kupanda ndani ya matofali taratibu, yakiyeyusha chumvi na kuibeba. Yalipofika usoni mwa ukuta yakakauka, chumvi ikabaki, ikageuka chembechembe nyuma ya rangi na kuisukuma nje. Rangi ikavimba, ikapasuka, ikatoa ushahidi wote bila kuulizwa swali hata moja.

Na haikuishia kwa fundi. Bandua gamba moja uliangalie ubavuni: juu krimu, chini yake waridi, chini ya waridi bluu ya mafuta, ile ya kung'aa, ya enzi ambazo sebule hii ilikuwa duka. Dalali aliniapia haijawahi kuwa duka. Wachimbaji wa mambo ya kale kule Kilwa Kisiwani hutoka jasho juani kuyafikia matabaka yao. Mimi nayafikia kwa ukucha, nimekaa kwenye kochi. Napendekeza kila gamba lipewe namba ya kielelezo na lisafirishwe mahakamani ndani ya bahasha yenye lakiri. Vipande vikubwa viende Nyaraka za Taifa. Kufagia chumba hiki kabla wataalamu hawajafika kuhesabiwe kuwa ni kuharibu ushahidi, na dalali azuiwe kusafiri.

Ila mtu mwingine akija kuniambia kwamba dawa ya ukuta huu ni kupiga mkono mmoja wa rangi, tutagombana! Dawa inajulikana. Tafuta maji yanakotoka, uyazuie. Uache ukuta ukauke kweli, si kukauka machoni tu. Kwangua rangi yote iliyolegea, ondoa chumvi kwa brashi kavu, maana ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Ziba lipu, ingoje ikauke, piga msasa, paka prima, ndipo rangi, mikono miwili. Fundi rangi alimweleza mwenye nyumba haya yote mbele yangu, kwa adabu, hatua kwa hatua. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "We paka tu."

Ikapakwa. Ndoo moja ya lita 20 ikatosha nyumba nzima, ukumbi na ukuta wa nje, kwa kuwa maji hayajawahi kukatika mtaani kwetu siku ya kuchanganya rangi.

Nisimwonee mzee, wenzake wako wengi. Shule inayomngoja mgeni rasmi hupakwa upande unaotazama barabara anayopitia. Vyoo viko upande wa pili. Ofisi za umma hupaka mawe ya kwenye maua chokaa nyeupe, na ndani, kwenye foleni, wananchi wameegemea ukuta mpaka umeacha alama ya migongo yao. Mahali fulani kuna mtu aliyeandika ripoti kuhusu msingi, akasikilizwa mpaka mwisho.

Juzi nimeletewa mkataba mpya. Kodi imepanda kwa sababu ya "ukarabati", miezi sita mbele kama kawaida, na kimeongezwa kifungu kinachomtaka mpangaji akihama aziache kuta katika hali aliyozikuta. Hicho nimekitia sahihi kwa furaha.